Ua la Mbuga za Magadi na Maji Yaliyohamishwa

Bamia zipikwazo jikoni mwetu, na pamba ilimwayo mashambani, zina ndugu yao mmoja ambaye wengi wa wasomaji wetu hawajapata kumwona wala kusikia habari zake. Ndugu huyo ni mmea mdogo uotao katika bonde moja tu la dunia nzima, yaani Bonde la Owens, lililo katika jimbo la California, upande wa magharibi wa Marekani. Wataalamu wa mimea huuita Sidalcea covillei. Watu wa huko wanalo jina jingine, ambalo maana yake ni kama kusema ua la mirabaraba. Shina lake halipiti sana goti la mtu mzima. Mizizi yake ni minene, yenye kuweka akiba. Kila ua lina majani matano laini, yenye rangi ya waridi iliyoingiwa na zambarau kidogo, na mtu aliyezoea kutazama ua la bamia atautambua udugu wao mara moja, ila hili ni dogo zaidi.

Tumeona vema kuandika habari za ua hili, wala si kwa sababu ya uzuri wake, kwani yako maua mazuri kuliko hili hata kando ya njia zetu. Tunaliandika kwa sababu historia yake haitengeki na historia ya maji ya bonde lile. Na maji yale yamegombaniwa na watu kwa muda wa miaka mia na zaidi, kwa hati, kwa kura, kwa mahakama, hata kwa baruti. Wagomvi hao hawakuwa na ua hili katika mawazo yao. Walakini kila walilolifanya lilifika mizizini mwake.

Kwanza yatupasa kueleza nchi yenyewe. Bonde la Owens lina urefu wa maili 75 hivi, nalo limebanwa katikati ya safu mbili za milima. Upande wa magharibi iko Sierra Nevada, ambayo kilele chake kirefu, Mlima Whitney, kina futi 14,505. Upande wa mashariki iko milima ya White na Inyo. Mawingu yatokayo bahari kuu hupanda Sierra na kumwaga huko theluji nyingi. Yakishavuka hayana kitu tena, hata bonde lenyewe hupata inchi 5 au 6 tu za mvua kwa mwaka. Mahindi yetu yasingefika magotini kwa mvua ya namna hiyo. Jina la Owens ni la mtu mmoja aliyesafiri pamoja na mpelelezi John C. Frémont mwaka wa 1845, naye husemwa kwamba hakupata kuliona bonde hilo kwa macho yake. Mambo kama haya si mageni katika Afrika.

Sasa theluji ile ikiyeyuka, vijito vingi hushuka milimani. Sehemu ya maji hufika mtoni, na sehemu nyingine huzama katika changarawe chini ya milima, hukaa ardhini, kisha hukaribia tena uso wa nchi katika sehemu za chini za bonde. Hapo ndipo maajabu yalipo. Udongo wa hapo ni laini sana, na maji yaliyo chini hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Yakifika juu, jua huyakausha, nayo huacha nyuma chumvi zote yalizokuja nazo. Mwaka kwa mwaka chumvi hizo huongezeka, hata udongo ukawa mweupe-mweupe, wenye ladha ya magadi. Magadi sisi twayajua: akina mama huyatia katika maharagwe yasiyotaka kuiva, na waliopita kando ya Ziwa Magadi au Ziwa Natron wameona jinsi yanavyofunika nchi kama unga. Basi mbuga ya magadi ni mahali pakavu kwa macho, lakini maji yapo, futi chache tu chini ya nyayo za apitaye. Mpita njia asema, "Hapa hapana kitu." Mimea ya hapo yajua zaidi.

Ua letu halikai pale penye magadi mengi kupita kiasi, bali kwenye nyasi za kando kando, mahali penye unyevu wakati wa masika yao na pakavu kabisa wakati wa kiangazi. Huchanua kuanzia mwezi wa Aprili hata Juni, huzaa mbegu, kisha majani yake hunyauka nalo hujificha katika mizizi yake mpaka mwaka mwingine. Mwaka wenye maji kidogo huenda lisionekane sana. Mwaka wenye theluji nyingi huweza kuenea kama zulia. Maisha yake yote yategemea maji yale ya chini, yasiyoonekana.

Watu wa kwanza wa bonde hilo tunaowajua habari zao ni Wapaiute, wajiitao wenyewe Nüümü. Nchi yao waliiita Payahuunadü, yaani mahali maji yatiririkapo. Wazungu wengi wamedhani ya kwamba watu hao walikuwa wawindaji na waokotaji tu. Kumbe walikuwa na mifereji. Katika sehemu za kaskazini, karibu na ulipo mji wa Bishop leo, waliziba kijito kila mwaka kwa mawe, fito na matope, wakayaongoza maji katika mbuga zilizoota mimea ya kuliwa. Mtu mmoja alichaguliwa na watu wote kuwa msimamizi wa maji, naye alikuwa na mti mrefu wa kuyaelekezea. Mwaka huu walinywesha upande mmoja wa kijito, mwaka ujao upande wa pili, ili nchi ipumzike na mbegu zipate kuanguka. Mtaalamu Julian Steward aliandika habari hizo katika miaka ya 1930, baada ya kuwauliza wazee. Na moja ya mimea waliyoinywesha kwa uangalifu namna hiyo ilikuwa jamii ya ndago! Ndago hiyo ambayo mkulima wetu huilaani akiikuta shambani, wao waliitunza kwa sababu ya vinundu vyake vitamu. Wachaga wa Kilimanjaro, ambao mifereji yao ilisifiwa na wageni wote waliofika huko, wangeelewana upesi na wazee hao juu ya zamu za maji na juu ya faini za mtu mwenye kuiba zamu ya mwenzake.

Mwaka wa 1861 wafugaji wa Kizungu walianza kukaa bondeni pamoja na ng'ombe zao. Ng'ombe waliingia katika mbuga zile zile zilizokuwa ghala ya chakula cha Wapaiute. Njaa ikaja, na baada ya njaa vita, kwani mwenye njaa alichinja ng'ombe aliyekula chakula chake, na mwenye ng'ombe akatoa bunduki. Mwezi wa Julai 1863 askari waliwakusanya Wapaiute yapata watu mia tisa au zaidi, wanaume, wanawake na watoto, wakawaendesha kwa miguu hata Fort Tejon, mbali kusini ng'ambo ya milima, katika joto kali. Wengine walikufa njiani. Wengi wa waliopona walitoroka baadaye wakarudi kidogo kidogo, wakaajiriwa kama vibarua katika nchi yao, na mifereji waliyoichimba ikatumiwa na mabwana wapya.

Elimu ya mimea iliingia baada ya hayo. Mwaka wa 1891 Serikali ya Marekani ilituma msafara wa wataalamu kuzichunguza nchi za jangwa za pande zile, nao ukaitwa msafara wa Bonde la Mauti, kwa jina la bonde jirani lililo chini kuliko bahari. Mtaalamu wa mimea alikuwa kijana Frederick Coville, na msaidizi wake alikuwa Frederick Funston. Huyu Funston anatushangaza kidogo. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Machi 1901, alikuwa jemadari huko Visiwa vya Filipino, naye ndiye aliyemkamata kwa hila Emilio Aguinaldo, mkuu wa watu waliopigania uhuru wao. Mikono ile ile iliyokuwa ikikausha maua katikati ya karatasi! Lakini tuyaache hayo. Katika mahali walipokusanya mimea palikuwa na mbuga za Haiwee, upande wa kusini wa bonde, na tunawaomba wasomaji walishike jina hilo, kwa maana tutalirudia.

Mimea iliyokusanywa na msafara ule ililala miaka mingi katika makabati. Aliyelipa ua letu jina lake la kitaalamu, kwa heshima ya Coville, ni Edward Lee Greene, naye hapo kwanza alikuwa padre wa Kanisa la Kiepiskopali, kisha akaingia Kanisa Katoliki, akawa mwalimu wa mimea katika vyuo vikuu. Greene aliandika jina hilo mwaka wa 1914, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Basi ua lilipata jina mwaka 1914. Na maji ya nchi yake yalikuwa yameanza kuondoka mwaka 1913. Na sasa tueleze yalivyoondoka.

Kusini ya bonde, zaidi ya maili 200, uko mji wa Los Angeles, ambao jina lake kwa Kihispania ni Malaika. Mwaka 1900 mji huo ulikuwa na watu 102,000 hivi. Mwaka 1910 walikuwa 319,000. Mto wake ulikuwa mdogo. Fred Eaton, aliyekuwa mkuu wa mji hapo kwanza, aliona ya kwamba Bonde la Owens liko juu kuliko mji kwa maelfu ya futi, hata maji yangeweza kushuka yenyewe mpaka mjini pasipo pampu hata moja. Akamwonyesha jambo hilo William Mulholland, mhandisi wa maji, mtu wa Ireland aliyeanza kazi kwa kusafisha mifereji kwa jembe, naye akalikubali.

Wakati uo huo Serikali kuu ilikuwa ikipima bonde ili kuwajengea wakulima mabwawa na mifereji, na wakulima walifurahi. Eaton akazunguka mwaka 1904 na 1905 akinunua mashamba na haki za maji. Wengi wa waliouza walidhani kwamba ananunua kwa ajili ya kazi ile ya Serikali, au kwa ufugaji wake mwenyewe. Tena ofisa mmoja wa idara ya Serikali iliyosimamia kazi hiyo alikuwa akipokea malipo ya mji kwa mashauri yake. Mwezi wa Julai 1905 gazeti moja la mjini likatangaza siri yote. Mwezi wa Septemba wenyeji wa Los Angeles wakapiga kura ya kukopa dola milioni moja na nusu. Mwaka 1907 wakakubali nyingine milioni 23. Rais Theodore Roosevelt aliunga mkono mji, kwa hoja ya kwamba faida ya wengi yapita faida ya wachache. Kazi ya wakulima ikaachwa.

Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja shamba la Nabothi. Mfano huo wafaa, lakini si kwa yote. Nabothi alikataa kuuza, akauawa. Hawa waliuza, wakahesabiwa fedha mkononi, na wengine walipata bei nzuri. Sisi twaona ya kwamba kosa halikuwa katika kununua. Lilikuwa katika kuficha. Tena liko jambo lisiloandikwa katika hati yo yote: mtu akiuza shamba lake auza la kwake, lakini akiuza maji ya mfereji, jirani yake aliye chini ya mfereji amekwisha kuuzwa pamoja naye, hata kama hakutia sahihi. Na huyo Mpaiute aliyeyaongoza maji hayo tangu zamani hakuulizwa na upande wo wote.

Mfereji mkuu ulijengwa tangu 1908 hata 1913. Urefu wake ulikuwa maili 233, sehemu nyingine wazi, sehemu nyingine bomba za chuma, sehemu nyingine matundu yaliyotobolewa milimani. Kwa kazi ya mikono na akili ulistahili sifa, wala hatupendi kuinyima. Tarehe 5 Novemba 1913 maelfu ya watu walikusanyika, milango ikafunguliwa, maji yakaporomoka, na Mulholland akasema maneno machache tu: hayo hapo, yachukueni. Ili maji yapate kutulia njiani, wahandisi walijenga bwawa kubwa upande wa kusini wa bonde. Mahali walipopachagua ni Haiwee. Mbuga zile Coville na Funston walipochuma mimea mwaka 1891 zikafunikwa, na samaki huogelea huko hata leo.

Miaka kumi ya kwanza wakulima wa kaskazini walikuwa na maji bado. Kisha ukaja ukame, na mji uliendelea kukua; mwaka 1920 ulikuwa na watu 577,000. Mji ukaanza tena kununua, shamba hili na lile, ukiruka moja na kuchukua la pili, hata mifereji ya ushirika ikakosa wenyewe. Tarehe 16 Novemba 1924 watu 70 hivi waliiteka milango ya mfereji mkuu iitwayo Alabama, wakayafungulia maji yarudi mtoni. Walikaa hapo siku nne. Wake zao walileta vyakula, watoto wakaja, watu wakaimba, na liwali wa wilaya hakutaka kuwafukuza jirani zake. Lakini hawakupata neno. Mwaka huo na tena 1927 mfereji ulipasuliwa kwa baruti mara nyingi. Mwisho wake haukutoka kwa mji: mwezi wa Agosti 1927 benki ya wilaya, ya ndugu wawili wa ukoo wa Watterson waliokuwa viongozi wa upinzani, ilifunga milango yake, ikaonekana kwamba fedha za watu zimetumiwa vibaya. Ndugu wale wakafungwa gerezani, na akiba za wakulima zikapotea. Baada ya hayo hapakuwa na nguvu ya kushindana.

Wala mji haukusherehekea kwa muda mrefu. Usiku wa tarehe 12 Machi 1928 ukuta wa bwawa la St. Francis, alilolijenga Mulholland karibu na mji kuhifadhi maji, ulianguka ghafula; watu zaidi ya 400 walikufa katika gharika hiyo. Mulholland, aliyekuwa amelikagua bwawa siku ile ile, alikubali lawama yote iwe juu yake, akaacha kazi.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 mji ulikuwa na sehemu 95 katika kila 100 za mashamba ya bondeni, na sehemu 85 katika kila 100 za viwanja vya miji. Ziwa Owens, ambalo mto ulikuwa ukiishia humo, lenye eneo la maili za mraba mia na zaidi, lilikuwa limekauka. Kitanda chake kikawa uwanja wa magadi na chumvi, na kila upepo mkali ulipovuma uliinua vumbi jeupe lililoingia mapafuni mwa watu wa maili nyingi. Hapakuwa na mahali pengine pamoja katika Marekani palipotoa vumbi jingi jembamba kama hapo. Kijiji cha Manzanar, ambacho jina lake maana yake ni shamba la matofaa, kilibaki mahame. Mwaka 1942 Serikali iliitumia nchi hiyo tupu kuwafungia ndani ya waya watu zaidi ya 10,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Na watu hao, walipoikuta miti ya matofaa ya wakulima walioondoka, waliipogoa na kuinywesha ikazaa.

Ua letu lilikuwa wapi katika hayo yote? Jambo lenyewe ni la ajabu kidogo. Mji uliponunua nchi haukuijenga. Haukutaka watu bondeni, kwa sababu watu hunywa maji. Kwa hiyo mbuga nyingi ambazo zingelimwa au kujengwa nyumba zilibaki wazi, zikikodishwa kwa wafugaji tu. Na kwa kuwa mfereji ulichukua hasa maji ya juu, maji ya chini yaliendelea kupanda katika udongo kama utambi, angalau mahali pengi. Adui wa bonde akawa mlinzi wa ua pasipo kujua. Hata leo sehemu kubwa ya mahali linapoota ni mali ya mji wa Los Angeles. Twaandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa laharibu utamu wa hadithi kwa wale wapendao kumpata mwovu mmoja wa kumlaumu kwa kila jambo.

Lakini ulinzi wa asiyejua si ulinzi wa kutegemewa. Mwaka 1970 mji ulimaliza mfereji wa pili, wenye maili 137, na kuujaza huo yalitakiwa maji mengine. Yakatafutwa chini. Visima virefu vikachimbwa, pampu zikatiwa, na katika miaka michache chemchemi zilizobubujika tangu kale zikakauka, mojawapo ile ya Fish Springs. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipolifikia ua. Mizizi ya nyasi za mbuga hushuka futi sita au zaidi kidogo. Maji yakishuka chini ya hapo, utambi umekatika: nyasi hudhoofika, udongo mtupu huonekana, na vichaka vya jangwani vyenye mizizi mirefu huingia na kushika mahali. Tendo hili halina kelele. Mti ukikatwa watu huusikia ukianguka, bali mbuga hufa kwa miaka kumi, na mwana huiona kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ng'ombe nao, wakilishwa hapo wakati wa maua, hula mashina kabla ya mbegu kukomaa.

Miaka hiyo palikuwapo katika mji mdogo wa Independence mwanamke aitwaye Mary DeDecker, aliyekuja kukaa bondeni miaka ya 1930. Hakusomea elimu ya mimea katika chuo. Alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu na kwa miguu yake, hata wataalamu wakamjia kuuliza. Na mwaka 1975 aligundua kichaka cha jamii mpya kabisa, nao wakakiita kwa jina lake. Alikuwa miongoni mwa wale walioandika habari za mimea adimu ya bonde, pamoja na ua la mirabaraba, na waliosema wazi kwamba pampu zinaiua. Mwaka 1979 jimbo la California lilitia ua hili katika orodha ya mimea iliyo katika hatari ya kutoweka. Tangu hapo lilikuwa na jina katika sheria, si katika vitabu vya wataalamu peke yake. DeDecker alifariki mwaka 2000.

Kesi ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 1972 wilaya ya Inyo iliushitaki mji kwa sheria mpya ya jimbo iliyotaka madhara ya kazi kubwa yachunguzwe kwanza. Kesi ile ilikwenda na kurudi karibu miaka ishirini. Mwaka 1991 pande mbili zikapatana: pampu ziendelee, lakini mbuga zilizokuwapo zisiharibiwe, maji ya chini na unyevu wa udongo vipimwe, na mahali ambapo udongo umekauka kupita kiasi pampu ya hapo isimamishwe. Twaona ya kuwa jambo kubwa katika mapatano hayo ni kwamba majani yalifanywa shahidi. Watu huenda mbugani kila mwaka, hunyosha kamba, huhesabu nyasi zilizo chini ya kamba, na hesabu hiyo yaweza kuletwa mbele ya hakimu. Zamani wakulima walileta hati. Sasa yaletwa majani.

Si kwamba ugomvi umekwisha. Wilaya hulalamika kwamba pampu huachwa zikifanya kazi mno. Mji hujibu kwamba ukame ndio ulioharibu. Mwezi wa Desemba 2006 maji yalirudishwa katika maili 62 za mto zilizokuwa kavu, na hayo yalipatikana kwa amri ya mahakama baada ya kukawia kwingi. Tangu 2001 mji umetumia dola zaidi ya bilioni mbili kutuliza vumbi la Ziwa Owens, kwa kulimwagia sehemu ya maji yale yale uliyolinyang'anya. Na Wapaiute je? Baada ya sheria ya 1937, nchi zao zilibadilishana na nchi za mji: ekari 2,900 hivi walizokuwa nazo zikatolewa, wakapewa ekari 1,400 hivi, ambazo ni makao yao ya Bishop, Big Pine na Lone Pine hata leo. Ila neno la haki zao za maji liliachwa litengenezwe baadaye, na bado halijatengenezwa. Wao hawakusahau jina la nchi yao, na katika mabaraza ya maji ya siku hizi husemwa na kusikiwa.

Majira ya baridi ya 2023 yalileta theluji nyingi ambayo haikupata kuonekana kwa miaka mingi. Mwezi wa Machi gharika ilibomoa sehemu ya mfereji mkuu karibu na Olancha, si mbali na Haiwee, na mafundi wakahangaika kuutengeneza. Maji ambayo mji haukuweza kuyachukua yalienda zake kama zamani, hata ziwa likaonekana tena na maji juu ya magadi yake.

Mwaka wa maji, kwa hesabu ya mji, huanza tarehe 1 Aprili. Theluji ya milimani hupimwa, urefu wa maji ya chini husomwa katika mabomba ya kupimia yaliyotiwa ardhini bonde zima, na mwezi uo huo mji huiletea wilaya hesabu ya maji utakayoyavuta mpaka Aprili nyingine. Wakati karatasi hizo zikisomwa, maua ya kwanza huwa yameanza kufunguka mbugani.